Mnyororo wa Ghala la Pili

Kuna sentensi moja ambayo nimeipiga taipu mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. "Kamati ilikagua, ikaridhika." Mpaka leo nikiisikia redioni, mtu wa serikali akisema tume imekagua na imeridhika, nanyanyuka kwenda kuizima. Wajukuu wangu wanadhani nachukia siasa. Siasa haijanikosea kitu. Ninachokichukia ni hilo neno kuridhika, na nawachukia kidogo, Mungu anisamehe, wanaume watatu walionionyesha jinsi linavyotengenezwa.

Nilikuwa karani wa taipu katika chama cha ushirika cha wakulima wa pamba, hapa Kisumu, kuanzia miaka ya mwisho ya sitini mpaka nilipoacha kazi miaka ya mwanzo ya sabini. Chama kilikuwa na kiwanda chake cha kuchambua pamba kando ya ziwa, ukishavuka reli. Ofisi zilikuwa upande mmoja wa uwanja na maghala mawili upande wa pili. Ghala la kwanza lilikuwa la mashine. Katika ghala la pili walikaa wanawake vibarua, chini, juu ya magunia, wakichagua pamba kwa mkono kabla haijapelekwa kwenye mashine.

Mmoja wao alikuwa mama yangu mdogo. Mama aliyenizaa alipofariki, huyu mdogo wake ndiye aliyenichukua kutoka pande za Bondo akanileta kwenye chumba chake kimoja cha Nyalenda, akanilaza upande wa ukuta ili nisinyeshewe. Kwa vidole vyake nilisoma shule, na kwa vidole hivyo hivyo nikasomea taipu. Nilipoajiriwa kiwandani, nilikuwa napita mbele ya ghala la pili kila asubuhi na viatu vyangu vya visigino, naye yuko ndani amejifunga leso kichwani, vumbi la pamba limemkaa kwenye nyusi. Hakuwahi kuniita mbele za watu. Aliogopa kuniaibisha, na mimi, kwa ujinga wa ujana, niliona ni sawa.

Ghala hilo lilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulitazama uwanja na ghala la mashine. Wa nyuma ulitazama ziwa, nao ulifungwa kwa nje kwa mnyororo na kufuli, tangu meneja alipogundua kwamba pamba ilikuwa ikitoroka kupitia hapo kwenda kujaza magodoro ya mjini. Ufunguo ulikaa kwenye kitita cha funguo zake. Wanawake waliingia asubuhi kwa mlango wa mbele na jioni wakatokea hapo hapo, wakipapaswa mmoja mmoja.

Siku moja alikuja ofisa wa serikali anayekagua viwanda, mtu mfupi mwenye kaptula. Akautazama ule mnyororo, akauzungusha mkononi, akaenda zake bila hata kunywa chai. Baada ya wiki mbili ikaja barua yake. Ilisema pamba hushika moto upesi, na kwamba mlango wa nyuma lazima uwe wazi saa zote watu wanapokuwa kazini. Meneja aliipeleka barua kwenye halmashauri ya chama, halmashauri ikaisukumia Kamati ya Ukaguzi, na hapo ndipo ilipoingia mikononi mwangu, kwa sababu mwandishi wa kamati hiyo nilikuwa mimi.

Jioni nilimsimulia mama mdogo. Alikuwa anapika ugali, na mwiko ukasimama katikati ya sufuria.

"Sasa watafungua?"

"Kamati itakaa kwanza."

"Basi nyathina, waambie sisi wa ndani tumesema hivi. Kama ni kutupapasa, watupapase hata mara tatu, hakuna neno. Lakini hiyo mlango wafungue. Hiyo vumbi ikishika moto, sisi tutatokea wapi? Waambie ni mimi nimekutuma."

Nyathina ni mtoto wangu kwa Dholuo. Nikamwambia nitawaambia.

Sasa nieleze kamati hiyo ilivyopatikana, maana hasira yangu inaanzia hapo. Sheria ndogo za chama zilisema wanachama wachague watu watatu wasio wa ofisi, wakague kila kitu, wamuulize meneja maswali, kisha wawaletee wanachama majibu. Aliyeandika sheria hiyo alikuwa na akili timamu. Lakini kamati iliyotangulia ilikuwa ya watu wakali. Walitukanana na meneja mpaka mkutano mkuu ukavunjika kwa viti kurushwa. Kwa hiyo safari hii wakulima walikuja wakitaka amani. Walikaa chini ya turubai wakafikiri kama watu wanaotafuta mjumbe wa kupeleka posa. Nani ataingia kwa meneja bila kuzusha ugomvi? Mzee mmoja akasimama, akapangusa jasho, akasema, "Si tupeleke mkwe yake? Mtu na mkwe yake watasikizana." Wakapiga makofi kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa mezani nikiandika kumbukumbu, nikaandika kwamba azimio lilipita kwa makofi.

Huyo mkwe alikuwa mkulima wa makamo, naye wa pande za Bondo, aliyemwoa binti mkubwa wa meneja. Alikuwa mtu mwema, shamba lake safi, hajawahi kula cha mtu. Lakini hakuna mtu chini ya turubai lile, pamoja nami, ambaye hakujua Mjaluo anavyokaa na baba wa mkewe. Hamkatizi maneno. Hamkodolei macho. Hali chakula mbele yake kwa raha, hakalii kiti chake, na kumwambia "hapa umekosea" ni jambo la kuitiwa wazee wa nyumba zote mbili. Tukamchukua mtu huyo, kati ya wanachama wote wa mkoa mzima, tukampa kazi ya kumhoji. Mpaka leo najiuliza tulikuwa tumelewa nini.

Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mpenzi wa Kiswahili sanifu, ambaye kalamu yake nyekundu haikustaafu pamoja naye. Wa tatu alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa mjini, mcheshi, mwenye duka la vifaa vya chuma. Alikuwa mwanachama kwa shamba la pamba aliloachiwa na mama yake. Dukani kwake ndiko ulikonunuliwa ule mnyororo, pamoja na kufuli lake.

Kikao cha kwanza kilifanyika katika chumba changu cha taipu. Kingefanyika ofisini kwa meneja, ambako kulikuwa na meza kubwa na feni, lakini mwenyekiti, ambaye ndiye yule mkwe, hakuweza kukaa humo. Tulibanana wanne kuzunguka mashine yangu. Nikaisoma barua ya yule ofisa kwa sauti. Nilipomaliza, mwenyekiti aliitazama kofia yake iliyokuwa magotini.

"Hii ni kitu ya kuuliza," alisema.

"Ndiyo, Bwana Mwenyekiti."

"Lakini mimi siwezi kumuuliza. Huyu ni ora."

Ora, mkwe wangu. Alilitamka polepole, na wenzake wawili wakatikisa vichwa kwa heshima, kana kwamba ametuambia ana homa. Kisha akanigeukia, akaniita binti wa Bondo kwa lugha yetu. "Wewe, nyar Bondo, utabeba maneno. Utaenda pale, utauliza, utaturudishia."

Hivyo ndivyo nilivyofanywa jagam. Kwetu jagam ni yule mtu wa kati anayepita baina ya nyumba mbili wakati wa uchumba, anayechukua maneno ya huku akiyapeleka kule, na sifa yake kubwa ni kwamba maneno hayaungui mikononi mwake. Kati ya chumba changu na ofisi ya meneja palikuwa na ukumbi mwembamba wa hatua kumi na mbili. Nazijua hatua hizo kuliko ngazi za nyumba yangu.

Swali lilikuwa kwenye daftari langu, nimeliandika mwenyewe: kwa nini mlango wa nyuma umefungwa wakati wanawake wako ndani, na utafunguliwa lini? Nikaingia. Meneja alikuwa mtu mnene, mpole kwangu, anayezungumza bila kupaza sauti. Alivua miwani akanitazama.

"Ndio, Mama?"

 Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na kazi ambayo wasichana mia wangeipokea kwa magoti.

"Mzee, wanauliza habari za mlango wa nyuma," nikasema. "Kama uko katika hali nzuri."

"Hali nzuri kabisa. Waambie nimeweka bawaba mpya juzi."

Nikarudi hatua zangu kumi na mbili nikawaambia mlango uko katika hali nzuri, una bawaba mpya. Mwenyekiti alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Mwalimu akaniambia niandike kwamba kamati ilikagua mlango, ikaridhika.

"Mwalimu, hatujaenda kuuona," nikasema.

"Tumeuliza," akajibu. "Kuuliza ni sehemu ya kukagua. Na andika 'ikaridhika', usiandike 'imeridhika'."

Nilikasirika. Nataka ijulikane kwamba nilikasirika, kwa sababu baadaye nitasimulia mambo yatakayofanya nionekane sikuwa na damu. Nilirudi Nyalenda siku hiyo nikipiga mawe ya njiani kwa ncha ya kiatu. Mama mdogo alikuwa kwenye foleni ya bomba, ndoo mbili miguuni.

"Uliwaambia?"

"Nimewaambia."

"Walisema nini?"

"Wanaangalia."

"Waambie tena," akasema, akasogeza ndoo zake mbele.

Kamati ilikaa kila baada ya miezi mitatu. Barua ya ofisa ilibaki kwenye ajenda kwa sababu hakuna aliyethubutu kuiondoa. Kikao cha pili nilikwenda tena na swali langu, nikalibadilisha tena nikiwa katikati ya ukumbi. Sijui kama mtu ambaye hajawahi kubeba maneno ya wakubwa anaweza kunielewa. Ukitoka upande wa mkwe, sauti yake ya kusihi iko masikioni, "polepole, nyar Bondo, asidhani nimemtukana." Ukifika kwa meneja, anakuuliza habari za mama yako mdogo, anakwambia anamjua, mfanyakazi mzuri. Kufikia hapo swali limeshakuwa salamu. Nilikuwa nikiwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa wote, huku na huku, na chupa yenyewe nilikuwa nimeishika mimi.

Kikao cha tatu yule mfanyabiashara alifanya jambo ambalo mpaka sasa sijui nicheke au nilie. Alipoona ajenda ya mlango imefika, alisimama akachukua kofia yake.

"Mimi niliuza hii mnyororo," alisema. "Sheria inasema mtu ako na faida kwa kitu, asikae wakati wanaongea hiyo kitu. Mimi natoka. Haki ni haki."

Akatoka, akasimama nje dirishani akitutazama. Alikuwa amesema kweli tupu. Mwalimu akafungua kijitabu cha sheria ndogo, akalowesha kidole, akasoma, uso wake ukang'aa. Kwa kifungu hicho hicho, alisema, hata mwenyekiti hana budi kutoka, kwa kuwa anayehojiwa ni mkwewe. Mwenyekiti akatoka kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. Tukabaki mwalimu na mimi, na akidi ya kamati ilikuwa watu wawili, mimi sihesabiwi. Akaniambia niandike kwamba ajenda imeahirishwa kwa kukosa akidi. Katika miaka yangu yote pale, hiyo ndiyo siku pekee niliyoona sheria ikifuatwa neno kwa neno, na mnyororo ukabaki pale pale.

Nilijaribu mara moja. Kabla ya kikao cha nne nilikaa kwenye mashine nikapiga ajenda mpya kwa maneno yangu: wanawake wa ghala la pili wanalalamika kwamba mlango wa nyuma umefungwa na wanaomba ufunguliwe. Nikaihesabu moyoni kama ujumbe wa mama mdogo umefika. Mwalimu aliichukua karatasi, akatoa kalamu nyekundu. "Wanawake" akalifanya "wafanyakazi". "Wanalalamika" akalifanya "wanatoa maoni". Kisha akachora mshale mrefu kutoka pale juu mpaka chini kabisa ya ukurasa, mahali palipoandikwa Mengineyo.

Tulipofika kwenye Mengineyo, chakula kilifika. Meneja alikuwa na desturi ya kulileta gari lake kutoka nyumbani Milimani na sufuria za samaki na ugali kwa ajili ya kamati. Harufu ya ngege aliyekaangwa vizuri ilijaa chumba changu chote. Mwenyekiti hangeweza kula chakula cha nyumba ya mkwewe, kwenye uwanja wa mkwewe, huku mkwewe yuko ng'ambo ya ukuta, kwa hiyo alinyanyuka akaenda kusimama kando ya reli kama anayengoja treni. Bila mwenyekiti hakuna kikao. Wawili waliobaki walinawa mikono. Nilikataa kula, nikajifanya tumbo linaniuma, na hakuna aliyeniuliza mara ya pili.

Baada ya hapo nilichoka. Mwalimu alinishauri, ili kuokoa muda, niwe napiga kumbukumbu kabla ya kikao, maana majibu tunayajua. Nikafanya hivyo. Niliweka karatasi mbili na kaboni katikati, nikabadilisha tarehe, nikapiga mengine kama yalivyokuwa. Wakati mwingine walitia saini wakiwa bado hawajakaa. Na kila baada ya kikao, Nyalenda, swali lilikuwa lile lile, na jibu langu likazidi kuwa jepesi mdomoni. Nimewaambia. Wanaangalia. Yeye akasema waambie tena, bila hasira, kama mtu anayeamini kwamba barabara ni mbovu lakini gari lipo njiani.

Moto uliwaka siku ya kikao cha saba. Ilikuwa msimu wa pamba, jua kali, saa nne za asubuhi, na upepo ukavuma uwanjani. Mkanda mmoja wa mashine ulikuwa umepata joto ghala la kwanza, cheche zikaruka, upepo ukazichukua mpaka kwenye lundo la pamba lililokuwa limemwagwa mlangoni mwa ghala la pili, likingoja kuingizwa. Kufumba na kufumbua lundo lilikuwa linawaka, na lilikuwa katikati ya mlango wa mbele.

Nilisikia mayowe nikiwa kwenye taipu. Tulitoka mbio wote wanne. Wanaume wa mashine walikuwa tayari upande wa nyuma wakipiga ule mnyororo kwa nondo. "Meneja! Funguo!" Meneja alikuwa amekwenda Milimani kuleta chakula cha kamati, na kitita cha funguo kilikuwa kinaning'inia kwenye gari lake. Mfanyabiashara alimnyang'anya mtu nondo akaanza kulipiga kufuli alilouza mwenyewe. Alipiga mpaka kofia ikaanguka, machozi yakimtoka, akisema ni kufuli nzuri, wallahi ni kufuli nzuri, na kufuli halikusikia. Mwenyekiti alikuwa akivuta mnyororo kwa mikono mitupu. Mimi nilisimama. Sikufanya kitu. Niliweka kiganja kwenye mlango ule wa mabati nikausikia unavyotetemeka, wanawake wakiupiga kutoka ndani.

Kisha mapigo yakapungua, na nikadhani yamekwisha.

Kumbe ndani mama mdogo alikuwa ameshaacha kungoja mlango wa nyuma. Alijifunga leso puani, akauendea moto wa mlango wa mbele, akaanza kuivuta ile pamba inayowaka kwa mikono yake, mkumbo baada ya mkumbo, akiisukuma nje uwanjani, mpaka ikapatikana njia ya mtu kuruka. Waliruka wote. Yeye alitoka wa mwisho, mikono ameinua mbele kama anayebeba mtoto, na sikuitambua ile mikono.

Meneja alifika wakati wanawake wamelala uwanjani wakikohoa. Alizunguka nyuma na funguo zake, akafungua kufuli, akaufungua mlango wa ghala ambalo halikuwa na mtu. Mwenyekiti alikuwa bado pale, viganja vimechubuka. Alisogea pembeni akainamisha kichwa ili mkwewe apite.

Hakufa mtu. Watu walilirudia hilo kama wimbo, hakufa mtu, na kila waliporudia nilitamani kuwapeleka hospitali wakaone. Mama mdogo alilala huko wiki nyingi. Vidole vilipopona vilikuwa vimejikunja na kushikana, mkono wa kulia vitatu, wa kushoto vyote. Hakuweza kushika mwiko wala kufunga leso. Mimi ndiye niliyemvalisha.

Walikuja mabwana wawili kutoka Nairobi na mkoba, kuchunguza. Walikuwa wastaarabu. Waliomba kumbukumbu za Kamati ya Ukaguzi, nami nikazileta, zimepangwa vizuri, vikao vyote, saini tatu chini ya kila kimoja. Walizisoma wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Naam, neno ni hilo hilo. Mmoja akanitazama.

"Wewe ndiye uliyepiga hizi?"

"Ndiyo, Bwana."

"Kuna kitu chochote kilisemwa kikaachwa nje?"

Wanaume wangu watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi ukutani. Mwalimu alikuwa anafuta miwani. Mfanyabiashara alitazama sakafu. Mwenyekiti alinitazama kwa macho yale yale ya "polepole, nyar Bondo". Mlango wa ofisi ya meneja ulikuwa wazi kidogo. Nilifikiria chumba cha Nyalenda, na kwamba sasa palikuwa na mshahara mmoja tu.

"Hakuna," nikasema.

Taarifa yao ilikuwa fupi. Wanachama walikuwa na kamati yao halali. Kamati ilikagua mlango kikao baada ya kikao na kuridhika. Hakuna malalamiko ya wafanyakazi yaliyoandikwa mahali popote. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa, ila chama kiongeze ndoo za mchanga. Katika mkutano mkuu uliofuata, chini ya turubai lile lile, kamati ilishukuriwa kwa kazi yake ikachaguliwa tena. Nilipiga taipu mpaka makofi hayo. Mwisho wa mwezi nikaacha kazi, lakini sijisifu kwa hilo, kwa kuwa nilikuwa nimeshapata nyingine.

Jumapili moja tulitoka kanisani, mama mdogo akakaa kitandani, mikono yake juu ya mapaja.

"Yule bwana wa Nairobi alikuja kwangu hospitali," alisema. "Nilimwambia sisi tulilalamika. Nikamwambia nilikuwa natuma mtoto yangu kila mara. Yeye anasema haiko kwa karatasi. Mimi sijui kusoma, lakini labda yeye hakusoma vizuri. Wewe uko na hiyo karatasi?"

Nilikuwa nazo nakala za kaboni, kwenye sanduku langu chini ya kitanda.

"Hebu nisomee."

Ningeweza kusema zimepotea. Nilizitoa. Nilikaa kwenye kigoda karibu na magoti yake, nikaanza na kikao cha kwanza, waliohudhuria, ajenda, bawaba mpya, kamati ikaridhika. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyosikiliza mahubiri. Nikamaliza.

"Endelea," akasema.

Nikasoma kikao cha pili. Nikasoma cha tatu, akidi haikutimia. Kwenye cha nne nilifika Mengineyo, ambapo paliandikwa "hakuna", nikapunguza sauti. Yeye akasogea karibu zaidi.

"Endelea, nyathina. Bado hujafika kwangu."

Cha tano na cha sita vilikuwa sawasawa neno kwa neno, tarehe tu ndiyo iliyobadilika, na nilivisoma vyote viwili mpaka mwisho kwa sababu sikujua la kufanya na mdomo wangu. Cha saba nilikuwa nimekipiga kabla ya moto. Nikakisoma nacho, kamati ilikagua, ikaridhika, na chini yake hapakuwa na kitu kingine.

Alingoja. Alikuwa bado ameinamisha kichwa upande wangu, akingoja nigeuze ukurasa, na mimi nilikuwa nimeishika karatasi ya mwisho kwa mikono yangu mizima miwili.